Ningemwambia Nani?

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, magari ya zege yalikuwa yameshaagizwa. Tulipanga kumwaga usiku, kama tunavyofanya mara nyingi Kampala, kwa sababu mchana gari likinaswa kwenye jamu ya Jinja Road hujui litafika saa ngapi, na zege halina subira. Likishapita saa moja na nusu au mbili tangu lichanganywe, linaanza kukukatalia. Mafundi wa Tanzania niliowahi kufanya nao kazi walikuwa na msemo wao, zege halilali, nami nimeuchukua jinsi ulivyo.

Nilipanda ghorofa ya pili kufanya ukaguzi wa mwisho, michoro kwapani. Fomu, yaani mbao za kushikilia zege, zilikuwa zimefungwa, mirunda imesimama wima, mafundi umeme wameshalaza mabomba yao, mpimaji ameshahakikisha levo. Kwenye kona ya mashariki, pale nguzo kubwa inapokutana na boriti mbili, nilimkuta Mzee wa nondo amechuchumaa. Hakunitazama. Alikunja ngumi akajaribu kuipenyeza kati ya nondo, ikakataa. Akajaribu vidole vitatu; vikakataa. Kisha akaokota kokoto moja, akaiweka juu ya kiungo na kuisukuma kwa kidole gumba. Ikakaa palepale.

"Injinia," akasema, "hapa zege halipiti."

Nilichuchumaa nami nikatazama. Alikuwa anasema kweli. Tena nilipofungua mchoro wa mafundi bomba niliona jambo la pili: bomba la maji machafu la milimita 110 lilichorwa likishuka katikati ya kiungo hichohicho, mahali ambapo hata kidole hakipiti. Nilikaa kama dakika mbili nikitumaini nimekosea kusoma. Halafu nikapiga simu kiwandani kusitisha kazi. Gari la kwanza lilikuwa limeshapakiwa, na hilo tukalilipia. Vibarua 40 waliokuwa wamekuja kwa ajili ya usiku huo tukawalipa pia, wakarudi makwao na taksi za mwisho.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Mzee penye benchi lake la kukunjia chuma, nikampelekea chai. Nikamuuliza kama jambo lile aliliona jana jioni.

"Hapana, binti yangu. Niliona siku ileile orodha ya nondo ilipofika. Leo ni siku ya tisa."

"Sasa mbona hukusema, Mzee?"

Alipuliza chai yake, akanywa kidogo. "Ningemwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mratibu wa michoro wa jengo zima la ofisi, ghorofa kumi na mbili na mbili nyingine chini ya ardhi, kwenye mteremko wa Nakasero. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuhakikisha kila anayechora na kila anayejenga wanajua jambo lilelile kwa wakati uleule. Na mtu aliyekuwa na jibu alikaa nalo siku nane, hatua mia moja kutoka mezani kwangu.

Niwaeleze wasio wa kazi hii kwa nini jambo hilo liliniuma kuliko gharama ya gari la zege.

Majengo mengi hapa kwetu hujengwa kwa njia ya zamani. Mwenye mali anamwajiri msanifu, msanifu na wahandisi wanachora kila kitu hadi kitasa cha mlango, kisha zabuni inatangazwa, mkandarasi anashinda, anapewa michoro na kuambiwa ajenge. Kukitokea kosa, mkandarasi ananyooshea kidole mchoro, msanifu ananyooshea kidole ujenzi, na mwenye mali anasimama katikati akilipa. Mradi wetu haukuwa wa namna hiyo. Ulikuwa wa kusanifu na kujenga chini ya mkataba mmoja. Mteja anaandika mahitaji yake: nataka ofisi za watu kadhaa, maegesho ya magari kadhaa, jenereta ya kiasi fulani, nikabidhiwe tarehe fulani. Mkandarasi ndiye anayechora na ndiye anayejenga, na ndiye anayebeba lawama ya yote mawili. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lina kitabu chake cha masharti kwa mikataba ya aina hii, wenyewe tunakiita Kitabu cha Njano, na toleo la mwaka 1999 bado linatumika sana katika ukanda huu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kungoja mchoro wa mwisho ndipo uchimbe msingi. Unachimba wakati ghorofa ya nne bado inachorwa. Unaokoa miezi. Lakini hapohapo ndipo hatari ilipo: mchoro na jengo vinakimbizana, na mara nyingi jengo linakuwa nyuma ya mchoro kwa wiki tatu tu. Katika njia ya zamani, swali la fundi lina miezi ya kutafuta jibu. Kwetu lina siku. Likikosa njia ya kupita, linagandia ndani ya zege.

Na kilichogandia ndani ya zege si jambo dogo. Kokoto zikishindwa kupita kati ya nondo, saruji inashuka na maji, kokoto zinabaki juu, na ndani ya kiungo kunakuwa na matundu kama sega la nyuki. Nje ukipiga plasta huoni chochote. Sisi tuliosoma uhandisi hapa hatujasahau Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, mwaka 2004, hoteli iliyokuwa bado inajengwa ilipoporomoka na kuua wajenzi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ilikuja mwaka 2013, na ni sheria nzuri. Ila hakuna mkaguzi anayeweza kuona ndani ya kiungo kilichokwisha kumwagwa. Anayeona ni yule aliyefunga nondo zake, tena anaona kabla.

Sasa turudi kwenye kiungo chenyewe, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya nilichojifunza chuoni.

Kanuni tuliyofundishwa ni rahisi: nafasi kati ya nondo na nondo isipungue ukubwa wa kokoto na milimita tano juu yake. Kokoto zetu zilikuwa za milimita 20, kwa hiyo tulihitaji 25. Mhandisi wa miundo aliihesabu nafasi hiyo, na kwenye karatasi ilikuwepo. Kitu ambacho hesabu haikuonyesha ni maungio. Nondo haina urefu usio na mwisho. Ikifika ukomo wake unailaza pembeni ya nyingine kwa urefu wa mara 40 au zaidi ya unene wake ili nguvu ihame. Nondo ya milimita 25 inahitaji kama mita moja ya kulaliana. Katika mita hiyo moja, penye nondo moja kuna mbili. Nguzo ilichorwa na mtu mmoja, boriti zikachorwa na mwenzake wa meza ya pili, na kila mmoja aliweka maungio yake mahali panapomfaa. Yote yakakutana kwenye kona ya mashariki. Ongeza ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushwa kufunga nondo, ongeza bomba la maji machafu.

Mzee wa nondo hasomi Kiingereza. Amekulia West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa, na mchoro anausoma kwa kidole. Lakini orodha ya nondo anaisoma kuliko mimi, kwa sababu ile ni lugha ya namba. Anajua 00 ni nondo iliyonyooka, 11 imekunjwa mara moja, 21 imekunjwa pande zote mbili, 51 ni ringi. Aliposhika orodha ya ghorofa ya pili alihesabu tu nondo ngapi zinaingia kona ile, akazikusanya kichwani, akajua hazitaenea pale. Hakuhitaji kompyuta. Alihitaji mtu wa kumsikiliza.

Jumamosi ile nilimwomba mhandisi wa miundo aje saiti, na nikamwomba Mzee ajenge kiungo kile chini, kwenye vumbi, kwa nondo za kweli. Hakuna mchoro uliopata kunieleza jambo kwa uwazi kama kile kiota cha chuma. Mhandisi alikizunguka mara tatu bila kusema neno. Ni kijana mwenye akili nyingi na moyo safi, alivua kofia ngumu akamwambia Mzee, "Nisamehe, sikuiona hii." Wakapiga magoti wote wawili. Ilipofika saa nane mchana walikuwa wamekubaliana: nusu ya maungio ya nguzo yasogezwe juu ya boriti, nusu iliyobaki itumie viunganishi vya nati badala ya kulaliana, kokoto za sehemu ile ziwe za milimita 10, na bomba lihame kwenda ukutani, sentimita 60 kutoka pale. Viunganishi tulivipata baada ya siku tisa. Ghorofa ya pili ilimwagwa wiki mbili nyuma ya ratiba.

Baada ya hapo nilianza kutafuta jibu la swali lake. Nami nikakosea mara ya kwanza. Nilimwalika kwenye kikao cha Jumanne, kile cha wahandisi, ndani ya kontena letu lenye kiyoyozi. Alikuja. Mlangoni alivua buti zake kwa sababu zilikuwa na matope na sakafu ilikuwa imepigwa deki. Akaketi kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, na soksi zake, saa mbili nzima. Hakusema neno. Nilipomuuliza kama ana jambo, alisema, "Hakuna, mnaendelea vizuri."

Nilikasirika kidogo, nikadhani sasa nimempa nafasi hataki kuitumia. Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Mtu aliyeketi na soksi katika chumba cha wengine habishani na mwenye chumba. Kila kitu mle ndani kilikuwa chetu: lugha, skrini, viti, hata ubaridi. Kumwalika mtu na kumpa nafasi ni vitu viwili tofauti.

Jumanne iliyofuata kikao kilihamia kwenye benchi la nondo, chini ya paa la mabati. Tulibandika michoro kwenye ubao wa fomu, tukauegemeza ukutani. Ikawa wahandisi ndio wanaosimama kwenye matope, na Mzee ndiye mwenyeji. Alituwekea magogo ya kukalia. Siku ile aliuliza maswali manne, fundi bomba akauliza matatu, na msimamizi wa maseremala wa fomu, mwanamke mmoja wa Busoga mwenye sauti ndogo ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza zaidi ya salamu, alitueleza kwamba ngazi ya ghorofa ya tatu jinsi ilivyochorwa haiwezi kufungwa fomu bila kuziba njia pekee ya kupitisha mbao zenyewe. Hilo hatukuliona hata mmoja wetu. Lingetugharimu wiki.

Wajapani wa Toyota wana chumba wanachokiita obeya, yaani chumba kikubwa, ambamo watu wa idara zote hukaa na kazi yote ikiwa imebandikwa ukutani. Siku hizi wajenzi wa nchi nyingi wamekichukua. Wakubwa wetu walikuwa wamekisoma na walikuwa tayari kukinunulia samani. Mimi nasema samani haina neno. Cha kuuliza ni nani atavua viatu mlangoni.

Halafu kuna lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni jambo la moyoni mwangu. Nimezaliwa Tororo, karibu na mpaka wa Malaba, Kiswahili nimekipata sokoni na kwa madereva wa malori yatokayo Mombasa. Saiti yetu ilikuwa na Luganda, Lusoga, Lugbara, Acholi, Lugisu, na mafundi vigae kutoka Kongo. Michoro yote kwa Kiingereza. Luganda iliwafaa wengi lakini si wote. Watu wa West Nile, Wakongo na Wakenya waliokuja na kreni walielewana kwa Kiswahili. Ikawa kwenye benchi la nondo Kiswahili kinashika nafasi bila mtu kukitangaza.

Lakini si kila mtu alikipokea kwa furaha, na sitaki kulificha hilo. Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na kabla ya hapo, mwaka 1973, Rais Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili ni lugha waliyoamrishwa nayo na wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani. Msimamizi wetu wa waashi aliniambia siku moja, kwa upole, kwamba baba yake akisikia Kiswahili mpaka leo ananyamaza na kuinamisha kichwa. Sikumwambia asahau. Tulikubaliana kwamba kila mtu aseme kwa lugha anayoweza kubishana nayo, na jirani yake atafsiri. Yeye alisema Luganda mpaka mwisho wa mradi. Kikao kilikuwa kirefu zaidi kwa nusu saa, na nusu saa hiyo siijutii, maana katika kutafsiri ndimo makosa yalipojitokeza. Unapolazimika kumweleza mwenzako "boriti hii inabeba ile" kwa maneno ya nyumbani, unagundua haraka kama wewe mwenyewe unajua ipi inabeba ipi.

Kuhusu ratiba nitasema kwa ufupi. Mwanzoni ratiba ilitengenezwa ofisini, ikachapishwa kwa rangi, ikabandikwa, na hakuna aliyeifuata. Glenn Ballard na Greg Howell, Wamarekani, walichunguza jambo hili miaka ya 1990 na kukuta kwamba kwa wastani karibu nusu tu ya kazi zilizopangwa kwa wiki hukamilika ndani ya wiki hiyo. Dawa yao ilikuwa kumwacha anayeifanya kazi ndiye aahidi ataifanya lini, na aseme anahitaji nini kutoka kwa nani kabla ya kuahidi. Tukafanya hivyo kwa vipande vya karatasi ya sukari na misumari. Wiki ya kwanza ahadi 23, zilizotimia 11. Zilizobaki hatukumgombeza mtu, tuliandika sababu. Sababu iliyorudi mara nyingi kuliko zote ilikuwa "mchoro haujafika". Hilo lilikuwa langu, na lilikuwa limeandikwa pale mbele ya watu wote kwa msumari.

Fedha. Watu wanaoandika juu ya ushirikiano huliruka neno hili, nami naona ni kosa kubwa. Fundi bomba wetu alikuwa na bei yake moja kwa kazi nzima. Kila tulipomwambia sogeza bomba sentimita 60, alisogeza kwa hasara yake: viwiko viwili zaidi, siku mbili za vibarua. Mara ya tatu akaanza kukaa kimya kwenye kikao. Nani asingenyamaza? Akionyesha mgongano, anayelipa ni yeye. Akinyamaza, mgongano utaonekana baadaye na labda atalipa mwingine. Tulimfundisha kunyamaza kwa mkataba wetu wenyewe. Mkadiriaji wetu wa gharama ndiye aliyelitatua, na nampa heshima yake: alimshawishi mkurugenzi atenge fungu dogo la kulipia uhamisho wowote utakaogunduliwa kabla ya zege, bila kuuliza kosa la nani. Ukigunduliwa baada ya zege, hesabu za kawaida. Tangu fungu lile litengwe, fundi bomba alianza kuja na kalamu nyekundu yake mwenyewe.

Msanifu wetu alikuwa na shida nyingine. Yeye aliajiriwa kwanza na mteja, akachora sura ya jengo, halafu mkataba ulipotiwa saini akahamishiwa kwetu pamoja na michoro yake. Jambo hili ni la kawaida katika kazi za namna hii. Lakini lipime kwa binadamu: jana ulikuwa mshauri wa mwenye mali, leo unalipwa na mtu anayefaidika ukichagua kioo cha bei rahisi. Kwa miezi kadhaa hatukumwamini, tukidhani anampelekea mteja maneno, naye hakutuamini, akidhani tutamharibia jengo. Nilichokuja kukiona ni kwamba alikuwa anatetea dari. Alitaka ofisi ziwe na urefu wa mita 2.7 kutoka sakafu hadi dari, na kila mmoja wetu, wa hewa, wa umeme, wa mabomba ya moto, alikuwa anamwibia sentimita tano tano. Siku alipokuja kwenye benchi na kusema wazi, "Nina mita 2.7 na sitaki kingine," mambo yalilegea. Tulipanga nani apite juu na nani apite chini kwenye korido, tukaliandika kwa rangi ukutani. Dari ikabaki 2.7.

Yapo tuliyoshindwa. Kitabu cha Njano kinampa mteja hadi siku 21 kupitia mchoro aliopelekewa. Ghorofa moja sisi tulikuwa tunaimaliza kwa siku 16. Hesabu hiyo haikubali. Tukajaribu kupeleka michoro kwa vifurushi vidogo ili vipitiwe haraka, na kwa nguzo na boriti ilifaa. Kwa lifti haikufaa. Kina cha shimo la lifti chini na nafasi ya juu hutegemea mtengenezaji na mwendo wa lifti yenyewe, na mteja alihitaji kamati tatu ili amchague mtengenezaji. Shimo liko chini kabisa ya jengo, ndilo la kwanza kuchimbwa. Tukangoja. Machi ikaingia na mvua zake, maji ya mteremko mzima yakatafuta shimo letu, na pampu zikafanya kazi usiku na mchana hadi katikati ya Mei. Mwisho tulichimba kwa kina kikubwa kuliko vyote vya watengenezaji watatu waliokuwa wakishindanishwa, tukalipia zege na kinga ya maji ambayo huenda isingehitajika. Hapakuwa na mtu wa mteja kwenye benchi la nondo. Tuliwaalika mara mbili, wakaja mara moja, wakapiga picha. Ningerudi nyuma ningewafuata ofisini kwao kila wiki, nikakaa kwenye viti vyao na kuvua viatu mimi.

Kuna wakubwa wanaosema mambo haya ya kukaa pamoja ni mafunzo mapya kutoka ng'ambo na mafundi wetu hawajayazoea. Nikisikia hivyo huwakumbusha Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, kilomita chache tu kutoka tulipokuwa tunajenga. Ile nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882, ikawa kaburi la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1884. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Kupamba pete za ndani ya paa ni ya ukoo wa Ngo, na pete zenyewe ni 52, kila moja ukoo wake. Ilipoteketea Machi 2010, ujenzi mpya ulichukua miaka mingi, na UNESCO iliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Nilikwenda kuitazama wakati wa ujenzi, nikasimama mbali. Hakuna aliyemwambia mwezekaji wa Ngeye avue buti.

Jengo letu lilikabidhiwa miezi miwili baada ya tarehe. Kiungo cha kona ya mashariki nilikikagua mwenyewe fomu zilipofunguliwa. Mzee alikigonga kwa nyundo ndogo kuanzia chini hadi juu, sikio lake karibu na zege, akisikiliza kama kuna mlio wa uwazi. Hakuna. Vipande vya zege vya majaribio vilivyopimwa siku ya 28 vilipita vyote.

Sasa tuna kazi nyingine, ofisi tena, Naguru, mkataba wa aina ileile. Katika rasimu nimeomba jambo moja: msimamizi wa nondo, wa fomu na wa mabomba walipwe kuanzia wiki ya kwanza ya kuchora, wiki nane kabla ya kuchimba. Upande wa pili wa meza wanauliza watu hao watafanya nini wiki nane bila chuma wala mbao. Kikao ni Alhamisi. Nimeshachapisha ile picha ya kiungo kilichojengwa kwenye vumbi, na nauli ya basi la usiku kutoka Arua, huko West Nile, nimeshaituma. Mzee ameniambia atakuja, ila ameuliza kwanza kikao kitafanyika wapi.